Mashine ya Mikono Miwili

Kamembe, tarehe 3 mwezi wa tano 1987

Yaya Birindwa, kaka yangu,

Barua hii inabebwa na Maman Véronique, yule muuza samaki anayevusha ndagala, basi ikinuka usiseme ni mimi. Sikusalimii sana, juu unajua vile tuko. Nikisimama mlangoni kwa Mama naona mabati ya mtaa wenu kule ng'ambo ya mto na mpaka, Bukavu, hata moshi wenu wa asubuhi naona, na bado batoto ba tumbo moja tunaandikiana kama bantu ba Ulaya. Haya. Si mimi niliondoka.

Niko na jambo moja. Wewe unauza vitu vya umeme, unajua mashine. Tunataka mashine ya umeme ya kusaga kahawa, ya kutumia hapa nyumbani. Si ya kiwanda, si ya hoteli. Iwe ndogo, bei yake iwe ya kibinadamu, na isipige kelele mpaka jirani yetu Béatrice atoke nje na mwiko. Hapa Kamembe nimeuliza kila duka. Wananionyesha mashine za mihogo! Muuzaji mmoja, hata haya hana, ameniambia nipeleke kahawa yangu Bugarama kwenye mashine za mpunga. Nikamuuliza kama yeye akiumwa jino anakwenda kwa fundi wa baiskeli.

Kahawa ni ile ile ya Nzahaha, ya miti ya Mama. Tunakaanga wenyewe, tunachemsha kwenye birika kama siku zote. Chagua inayofaa, uniambie bei, nitatuma feza kwa huyu huyu Maman Véronique.

Na usiniulize mambo mengi.

Mimi mdogo wako,
Nabintu


Bukavu, tarehe 9 mwezi wa tano 1987

Kwako Nabintu,

Barua yako nimeipata, na harufu yake pia. Umesema nisiulize mengi. Nauliza moja tu: kinu cha Mama kimekosa nini?

Tangu nizaliwe, kahawa ya nyumba yetu inatwangwa. Kabla jogoo hajawika, tu, tu, tu, hapo tulijua Mama ni mzima na siku imeanza. Leo wewe, kwa sababu umeuza vitenge viwili vitatu na umekaa kwenye makochi ya saluni za mabibi wa wakubwa, unataka kumnyamazisha Mama kwa waya wa umeme! Kesho utaniagiza mashine ya kumtafunia chakula. Nimekasirika, na nakuambia wazi ili usiseme sikusema. Mama mwenyewe anasemaje? Au naye hakuulizwa, kama mimi sikuulizwa siku mlipomzika Papa kule Nzahaha kwa wajomba, katikati ya mikahawa, mbali na baba zake wa Kabare, kama mgeni aliyefia njiani?

Basi, naliacha hilo. Umeniuliza kama fundi, nakujibu kama fundi. Mashine za kusaga kahawa nyumbani ni za aina mbili. Kuna ya kisu: ni kikopo chenye kisu chini, unakandamiza kifuniko, kisu kinazunguka, kinakatakata. Hiyo bei yake ni nafuu, lakini inakata bila mpango, huku unga, huku vipande, na ukiiacha muda mrefu inaunguza kahawa. Kuna ya meno: juu unamimina punje, ndani magurudumu mawili ya chuma yanazisaga kidogo kidogo, chini kuna kisanduku kinachopokea unga. Unachagua mwenyewe unataka laini au ya chenga. Unageuza kitufe, inaendelea peke yake. Hiyo ni nzuri, na bei yake ni ya watu wenye mishahara ya shirika.

Kwa muntu anayeona uvivu kushika mchi, ya kisu inatosha sana. Nitaitafuta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaka yako,
Birindwa


Kamembe, tarehe 11 mwezi wa tano 1987

Wifi yangu Odette, mama Mulume,

Hii uisome jikoni, peke yako, kisha uwashe nayo makaa. Mume wako asiione.

Amenitukana, wifi. Ameniita mvivu, ameniita bibi wa saluni. Roho yangu inachemka kama birika! Sasa nakuambia wewe, juu nisipomwambia muntu nitapasuka. Mwezi wa pili Mama aliamka asubuhi mkono wake wa kuume umekufa. Toka bega mpaka vidole, hausikii kitu. Muganga alisema damu ilimpanda kichwani, tushukuru Mungu miguu imebaki na mdomo umebaki. Mdomo umebaki, wifi, mimi ndiye shahidi.

Na mdomo huo ndio uliniapisha. "Birindwa asijue. Akijua atakuja kwa huruma. Mtoto wa huruma simtaki. Nataka yule yule aliyenikasirikia, aje na hasira yake, tuimalize."

Wewe uliolewa kwetu, unajua desturi ya nyumba. Siku ya kuondoa kilio, mjane anatwanga kahawa kwa mkono wake mwenyewe na kumpa kila mtoto kikombe. Ukikinywa, umemaliza kulia, umerudi kuwa muntu wa nyumba. Sisi wote tulikunywa. Mume wako, Papa Mulume, alipiga kelele kwa ajili ya mahali pa kaburi, akavaa viatu, akavuka daraja, kikombe chake kikapoa. Sasa mwaka umepita na nusu yake. Kwa Mama kilio bado kiko wazi, na mtoto wake bado yuko nje.

Anataka kumwita, wifi. Hana usingizi juu ya hilo. Lakini hawezi kumwita bila kahawa, na kahawa lazima itoke mkononi mwake. Nilisema nitwange mimi, akaniuliza: "Wewe ndiye mjane?" Akajaribu na mkono wa kushoto, mchi ukamwangukia kwenye mguu, ukucha ukatoka. Ndipo siku moja akaona kwa Béatrice mashine ya kusaga matunda, akarudi nyumbani macho yanawaka. "Umeme hauna mkono," akasema. "Anayebonyeza ndiye aliyesaga." Mimi nani nibishe?

Basi msaidie mume wako achague vizuri. Tunataka ile ya meno, ile ya kitufe, Mama aiendeshe kwa mkono wa kushoto peke yake. Sema lolote, ila usiseme kwa nini.

Wifi yako mwenye shida,
Nabintu


Bukavu, tarehe 20 mwezi wa tano 1987

Nabintu wifi yangu,

Barua nimeichoma, na machozi yangu nimeyasingizia moshi.

Nimejaribu. Mungu ananiona. Nilimwambia, "Papa Mulume, ile ya meno ndiyo inadumu." Akaniuliza tangu lini nimekuwa ingeniere. Nikamwambia, "Lakini ya kisu inachosha mkono." Akacheka! Eti mikono ya Nabintu haichoki kuhesabu vitenge, itachoka kubonyeza kifuniko? Nilitaka kumpiga na sufuria. Nimekula chumvi nyingi ya bwana huyu lakini siku hiyo nilimwona kama muntu nisiyemjua. Na sikuweza kusema kitu, juu yako wewe na viapo vyenu.

Amenunua ya kisu. Maneno yake haya, nakuandikia kama alivyoyatoa: "Umeme utaharibu kahawa kwa vyovyote, basi heri uiharibu kwa bei ndogo."

Lakini ngoja nikuambie lingine. Aliileta kwanza nyumbani aijaribu. Akatia kahawa kidogo ya soko la Kadutu, akaikumbatia ile mashine kama anakamata kuku wa kuchinja, akakandamiza, akatikisa. Batoto walicheka mpaka wakalala chini. Kisha akafungua kifuniko, akainusa. Akaiweka mezani akatoka nje, akasimama upande ule unaoonyesha Kamembe, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Nilipomwita akasema alikuwa anaangalia mvua. Mvua gani, wifi? Mbingu ilikuwa nyeupe.

Maman Véronique ataivusha chini ya ndagala, juu wale wa duwane, wanaokagua mizigo darajani, siku hizi wakiona waya wanataka soda.

Wako,
Odette


Kamembe, tarehe 2 mwezi wa sita 1987

Birindwa,

Leo hakuna yaya. Yaya atarudi akichagua mashine ya bantu.

Kitu chako kimefika. Nilikiosha na ndimu, nikakifuta, na bado kahawa ya kwanza ilikuwa mchuzi wa ndagala. Hilo nakusamehe. Lakini hii mashine ulimchagulia nani? Ukikandamiza kifuniko bila kushika kikopo, inakimbia juu ya meza kama panya. Ukishika kikopo bila kukandamiza kifuniko, haitaki kusaga. Lazima mkono mmoja chini, mmoja juu, na uitikise yote juu kisu chake hakifikii punje za pembeni! Jana iliponyoka, kifuniko kikaruka, kahawa ikatapakaa nyumba nzima, mpaka kwenye picha ya Papa ukutani. Ndani ya kikopo vumbi na mawe, na harufu ya kuungua kama nywele.

Mama alikuwa amekaa mbele yake. Alitazama ile kahawa chini. Unanisikia? Mama, yule unayemjua, aliiacha hapo hapo chini. Alikwenda kulala na jua bado liko juu, na leo hajataka kula.

Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ya meno ni nzuri. Uliijua! Ukanichagulia mbaya ili unifundishe adabu. Umemfundisha nani? Nakuomba, na kuomba kwenyewe kunaniuma: nitafutie ile ya meno. Kama ni feza, niko na vitenge vya harusi yangu kwenye sanduku, nitaviuza. Hii ya kwako inataka mikono miwili, na wa tatu wa kupiga ishara ya msalaba. Haitufai.

Nabintu


Bukavu, tarehe 5 mwezi wa sita 1987

Nabintu,

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikafikiri umeniandikia kwa mzaha. Mashine inataka mikono miwili, na hilo ndilo kosa lake! Kinu kilitaka mingapi? Jembe linataka mingapi? Mtoto mgongoni anataka mingapi? Mama alilima Nzahaha, akachuma, akaosha, akatwanga, akatulea sisi sote, hatukumsikia siku moja akilalamika kwamba kazi inataka mikono miwili.

Sasa unaniletea habari kwamba hali chakula. Mimi nimekwisha kukufahamu. Ukishindwa kwa hoja unamtanguliza Mama kama ngao, ndivyo mlivyofanya hata kwenye msiba. Usinitishe. Kama mikono yako imekuwa ya heshima sana, si umwachie Mama mwenyewe abonyeze? Au naye umemfundisha uvivu? Mama ana mikono mingapi, Nabintu? Nijibu hilo tu, usiandike lingine.

Birindwa


Kamembe, tarehe 6 mwezi wa sita 1987

Mmoja.

Wa kushoto. Ule wa kuume ulikufa mwezi wa pili, na alikuwa anatafuta njia ya kukusagia kahawa yako ya kilio kwa huo uliobaki. Aliniapisha nisikuambie. Nimevunja kiapo cha mama yangu, na dhambi hiyo naiandika kwa jina lako.

Nabintu


Kamembe, tarehe 10 mwezi wa sita 1987

Birindwa, mwana wanjye, mwanangu,

Anayeandika ni Nabintu, juu mkono wangu sasa unajulikana mpaka na wauza ndagala. Nimemwambia aandike neno kwa neno, asilainishe. (Silainishi, yaya. N.)

Nabintu nimekwisha kumgombeza, usidhani ameponyoka. Sasa ni zamu yako.

Ulikuja Jumapili bila kuita hodi, mimi niko na kitenge cha jikoni, kichwa wazi. Ukaanguka miguuni pangu ukaulilia mkono. Yewe! Baba yako hukumlilia mbele yangu, ukaja kulilia mkono! Ulikuwa mkono wangu, mimi nilikwisha kuuzika. Nikasema, reka, mwache, ni mtoto, alie.

Kisha ukatoa mashine ile nyingine, ya meno, ya okazioni, iliyokwisha kutumika, uliyoipata kwa mzungu wa mashamba aliyerudi kwao. Ukaibandika mpira wa tairi chini ili isiteleze. Ukaifungia kitufe kikubwa ninachoweza kukisukuma hata kwa kiwiko. Mpaka hapo nilikuwa nakupenda, Birindwa. Nilisema moyoni, huyu ndiye niliyemzaa.

Halafu ukafanya nini? Ukanyoosha mkono ukachukua kopo langu la kahawa. Nani alikupa? Ukamimina wewe, ukasukuma kitufe wewe, ukachemsha wewe, ukaniletea kikombe kwenye kiti. "Kunywa, Mama, pumzika." Katika nyumba yangu! Mimi nimekuwa mgeni wa nani? Miezi yote hii siombi muntu anipikie, siombi muntu aniogeshe, naomba kitu kimoja tu, nikupe kahawa kwa mkono wangu, na wewe ukakichukua mbele ya macho yangu ukiita huruma! Ndiyo maana niliimwaga mlangoni. Umshukuru Mungu sikukumwagia kichwani. Na ukaondoka umekunja uso kama siku ile ya msiba. Nyinyi wanaume wa Kabare mkishindwa mnakimbilia daraja.

Na juu ya kaburi, nikujibu mara moja tusirudie. Nilimzika baba yako Nzahaha kwa sababu nilitaka kumwona. Kabare ningefika na miguu gani, na karatasi gani za mpaka? Nyinyi mngemzuru Krismasi. Mimi namzuru kila nikienda kuchuma. Nilikuwa mke wake. Basi. Kama ni kosa, ni langu, ulipaswa kunigombeza ukiwa umekaa kwangu, si kwa kuvuka mto.

Sikiliza sasa. Jumapili hii utakuja. Utapiga hodi. Utakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha na utaikalia mikono yako yote miwili. Hata nikidondosha, hata nikichelewa, hata nikijiunguza, hutainuka. Ushauri wako wa ufundi utauacha Bukavu. Ukinisaidia hata kwa kidole, rudi ulikotoka, na safari hiyo mimi sitakuita tena.

Mama yako,
Mukantwari
(Amepiga kidole mwenyewe, cha kushoto. N.)


Kamembe, Jumapili tarehe 14 mwezi wa sita 1987

Odette wangu,

Usiningoje leo, daraja limekwisha kufungwa. Wape batoto chakula, waambie niko kwa nyanya yao. Barua hii utaletewa asubuhi na Maman Véronique, na harufu yake unaijua.

Nilipiga hodi. Nilikaa. Niliikalia mikono yangu kama nilivyoamriwa, na nakuambia, katika maisha yangu sijafanya kazi ngumu kuliko ile ya kutofanya kitu. Alilibana kopo kati ya mapaja alifungue. Akamimina punje, nusu ndani, nusu chini. Nabintu alikuwa pembeni amejaza kitenge mdomoni asiseme. Mama akainama, akaziokota zile za chini, akazipuliza, akazirudisha, wala hakututazama. Kisha akasukuma kitufe, na yale meno yakaanza kusaga, na yeye amesimama mbele ya mashine kifua mbele kama afisa anayekagua askari.

Alikuwa ameifungulia ya chenga kubwa, Odette. Nilitaka kumwambia akizungushe kile kidude kidogo tu upande wa kulia! Niliuma ulimi. Kisanduku cha unga kikakwama, akakivuta, kikamwagika tena nusu. Maji yakamrukia kwenye vidole na mimi nikajiinua kidogo kwenye kiti. Aliniangalia. Nikakaa.

Akanibebea kikombe yeye mwenyewe, toka jikoni mpaka dirishani, kinatetemeka, kinamwagika njia nzima. Kilipofika kilikuwa nusu. Ilikuwa kali, ya moto mno, imejaa chenga zinazokwama kwenye meno. Dukani kwetu ningemrudishia muntu feza zake kwa kahawa kama hiyo. Niliinywa yote, nikazitafuna na chenga.

Alisimama mbele yangu mpaka mwisho. "Imekwisha?" akauliza. Nikamwonyesha. Akakichukua kikombe, akakiweka chini, akaniwekea mkono wake wa kushoto juu ya kichwa.

"Basi," akasema. "Sasa mlilie baba yako."

Nilidhani sina machozi ya jambo hilo tena, mke wangu. Nilidhani ni hasira tu iliyobaki. Nililia mpaka Béatrice, yule jirani, akaja mbio na khanga begani akiuliza nani amekufa.

Mama akamfungulia mlango, akamwambia: "Mume wangu. Ingia ukae, nikupe kahawa."

Wako,
Birindwa